Maganda Niliyokuchanganyia

Shemeji yangu Simiyu,

Nakuandikia kutoka jikoni kwetu hapa Woolwich, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Leo nimeogesha wazee watatu, na wote watatu wana mgongo mzima kuliko wangu. Dada yako amepita akaniangalia, akasema, "Na wewe utaogeshwa na nani?" Nimecheka peke yangu. Yeye hakucheka.

Huu ni mwaka wa pili tangu urudi Kitale, na kila Jumapili tunaongea kwenye simu habari za kuku na mvua. Kuna neno ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Labda litatoka kwa kalamu.

Unakumbuka ulivyonitia kwenye mambo ya kulenga shabaha? Mimi nilidhani ni mchezo wa matajiri. Siku ya kwanza klabuni, wale wazee wenye chupa zao za chai walituona mlangoni, mmoja akatuonyesha upande wa choo, akidhani sisi ndio mafundi wa bomba waliotumwa. Wewe ukamjibu kwa adabu kwamba choo tutakitazama tukishamaliza kufyatua. Baada ya miezi mitatu mzee huyohuyo alikuwa anakuuliza unaandaaje risasi zako.

Na jinsi ulivyoziandaa! Meza ile ya nyumbani kwako Barking, taulo limetandikwa, maganda ya shaba yamepangwa kama watoto wa shule kwenye foleni. Hukuwa unatupa ganda lililokwisha kufyatuliwa. Ulikuwa unalisafisha na kulijaza tena, lakini kabla ya hapo unalibana shingo, pale juu panaposhika kichwa cha risasi. Mimi nilitaka kulibana lote, tumalize tule.

"Shingo tu, shemeji," ukaniambia. "Ganda likifyatuliwa ndani ya bunduki yangu, linavimba na kuchukua umbo la bunduki yangu. Ni kama kiatu kilichokwisha kuzoea mguu. Ukilibana mwili mzima, umenirudishia kiatu cha dukani."

"Na nikilitia kwenye bunduki yangu?"

"Basi umevaa kiatu cha mwenzio, na huenda mguu usiingie kabisa. Usije kwangu na malengelenge."

Halafu ukapima shingo moja baada ya nyingine kwa kile kipimo chako, miwani kwenye ncha ya pua. Nilikuambia ungekuwa unampima mkeo shingo kwa bidii hiyo, angekuwa na mkufu wa dhahabu siku nyingi. Ulinifukuza, ila ukanifunikia sahani ya ugali nisiikose.

Sasa nisikilize. Wiki ile ya mashindano yako ya mwisho, nilijitolea kukuoshea maganda kwenye mashine yangu, ile ya kuzungusha maganda kwa maji na sabuni, ambayo kelele zake zilikuwa zikimnyima jirani raha. Uliniletea hamsini, kila moja umelitia alama nyekundu ya kalamu kitakoni. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo. Badala ya kuosha mara mbili, nikamwaga yako na yangu pamoja, nikisema moyoni, alama si ipo? Mashine ilipomaliza, maganda mia moja yaling'aa kama pete za harusi, na hakuna hata moja lenye alama. Sabuni ilikuwa imekula wino wote. Kiwanda kilekile, saizi ileile. Nikakaa sakafuni nikayagawa kwa kukisia, kama mtu anayechambua maharagwe.

Ulipokuja kuchukua, ukaniuliza jambo moja tu: "Una hakika ni yangu?"

Nikasema, "Yako yote, shemeji."

Ni maneno matatu tu, na nimeyabeba kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumnyanyua kitandani.

Uliniamini, ukayabana shingo, ukayajaza. Kwenye mashindano, risasi ya tatu ikakataa kuingia. Nikakuona unasukuma komeo la bunduki, unasukuma tena, halafu unasimama. Ya nne ikaingia, ya tano ikakataa. Muda wako ukaisha ukiwa umefyatua nusu. Ulinyoosha mikono mbele yako ukaitazama, na kweli ilikuwa inatetemeka, maana nani asingetetemeka pale?

Garini hukulaumu mtu. Ulisema, "Nimekosea kuweka kipimo cha shingo. Mikono imekwisha, shemeji. Bora nijue mapema." Nilikuwa nimeshika usukani na jibu lilikuwa mdomoni, nikaomba tu taa igeuke kijani.

Halafu mambo yakaenda mbio kuliko ujasiri wangu. Ulitangaza unarudi nyumbani. Dada yako akafurahi kwamba mama yenu atapata mtu wa karibu. Bunduki yako ikahamishiwa kwenye kibali changu, pamoja na kisanduku cha risasi ishirini ulichokuwa umekiandaa wiki ileile, kwa maganda ambayo hayakupita kwenye mashine yangu. Niliipokea kama mrithi mwema. Aibu yake ni kwamba kwa karibu miaka miwili sikuthubutu kukigusa kisanduku hicho.

Jumamosi iliyopita nilikigusa. Unanijua mimi: siku nikilenga vizuri, klabu nzima inauliza kama ninaumwa. Nikalala chini na bunduki yako, nikafyatua ishirini zote bila haraka. Hakuna iliyokataa. Tulipoletewa karatasi ya shabaha, matundu yote yangefunikwa na kifuniko cha chupa ya soda, isipokuwa mawili, na hayo mawili ni ya kwangu, nilikohoa. Yule mzee wa choo aliitazama akauliza nani aliziandaa. Nikasema, shemeji yangu. Nikaenda garini nikakaa.

Maana Jumapili kabla ya hapo mkeo alininong'oneza kwenye simu kwamba vifaa vya karakana ulivyosafirisha kutoka huku bado havijafunguliwa. Cherehani za watu zinaletwa mlangoni uzitengeneze kama zamani, wewe unawaelekeza wenyewe kwa fundi mwingine. Mkeo unamwambia mikono yako haifai tena kazi ndogondogo. Nimemweleza binti yetu haya yote, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nipige simu tu, kuna ugumu gani. Watoto hawa hawajawahi kuwa na shemeji.

Simiyu, hukukosea kipimo. Shingo zile zilikuwa sawa zote. Ni miili ya baadhi ya maganda iliyokuwa na umbo la bunduki yangu. Mimi ndiye niliyechanganya, na mimi ndiye niliyekudanganya uliponiuliza. Umekaa miaka miwili ukihukumu mikono yako kwa kosa la mikono yangu. Hiyo karatasi ya shabaha nimeikunja humu ndani ya bahasha. Usinisamehe kwa haraka kwa sababu ya adabu, nakujua.

Jumapili hii nitapiga baada ya kanisa kama kawaida. Habari za kuku sitauliza. Nitanyamaza, wewe utukane mpaka utosheke, na salio likiisha nitaongeza.

Niliyekula ugali wako na kukudanganya,
Shemeji yako, mume wa dada yako