Taa ya Mgeni

Kinjumbi, Jumatatu

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Nimefika kwa mama salama. Nauli imepanda tena; utingo anasema ni dizeli. Dukani hapa mafuta ya taa yamejaa pipa, ila kwa bei yake wanunuzi hakuna. Watu wanakula jua halijazama ili wasiwashe hata kibatari. Mama naye ana taa ya chemni, ila huiwasha mgeni akija tu.

Jana alinipakulia ugali na pweza, kisha akaiwasha kungali mwanga.

"Zima, mama. Mimi si mgeni."

"Idi tatu hujaja, baba. Mgeni ni nani basi?" Akacheka, akapandisha utambi.

Nilikula nimeinamia sahani.

Wabusu watoto, mwombe shemeji nauli. Usipokuja mwaka huu, siku ukija mama ataazima na ya jirani, akuwashie mbili.

Mdogo wako,
Hamisi