Jumla ya Nini, Aliuliza Baba

Jumatatu, 1 Septemba

Kupepeta alizeti na Mama tangu asubuhi. Upepo mzuri, makapi yote yameishia uani kwa jirani. Macho yanawasha. Baba alipita na mgeni wake, akaninyooshea kidole, akamwambia: huyu ndiye daktari wetu wa Mgori. Nikamwamkia mgeni shikamoo, nikainamia ungo.

Sikuomba udaktari. Baba hajui, Mama hajui. Mwezi wa saba nilijaza maombi ya chuo nyumbani kwa Mwalimu Ntandu, kwenye kompyuta yake. Chaguo la kwanza, Shahada ya Sayansi ya Jumla. Udaktari sikuuweka hata mwisho. Mwalimu aliniuliza mara tatu kama Baba ana habari. Nikasema anayo. Nyumbani nikasema nimeomba udaktari. Uongo mara mbili kwa siku moja.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepanga tena masomo kwenye daftari. Mwaka wa kwanza: biolojia, kemia, hisabati, jiolojia kidogo. Mwaka wa pili nimeuacha wazi. Napapenda hapo palipo wazi. Naweza kuishia kwenye udongo, au maji ya visima, au nyuki, au kufundisha. Sijui bado. Shahada hii inaniruhusu nisijue kwa muda.

Nisichotaka nakijua. Nilikuwa na miaka tisa Mama alipompoteza mtoto njiani, kabla hawajafika hospitali mjini. Baba alisema palepale makaburini, watu wakisikia: Zuhura atasoma awe daktari. Tangu hapo kila nikifaulu mtihani watu wanamkumbusha. Nikifurahia mpango wangu najiona mwizi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimechaguliwa. Ujumbe umenikuta kisimani. Nikakaa chini kwenye zege. Furaha ya dakika moja, kisha nikabeba ndoo, nikarudi nyumbani.

Nikamsomea Baba.

"Sayansi ya jumla," akasema. "Jumla ya nini? Kama ya dukani?"

Nikaeleza kuwa unasoma sayansi nyingi kwanza, halafu unachagua njia. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, na udaktari uliojaza umekwenda wapi?

Nikasema labda Mwalimu alikosea kubonyeza.

Limetoka tu. Sikulipanga. Mwalimu Ntandu, aliyenifundisha biolojia miaka minne na kuniazima vitabu vyake mpaka vikachanika majalada.

Jumamosi, 6 Septemba

Baba amemkuta Mwalimu kwenye mashine ya kusaga, amemsema mbele ya watu. Nilikuwa kwenye foleni na debe langu. Alisema: umemharibia mtoto wangu maisha kwa kidole kimoja.

Mwalimu alinitazama. Angeweza kusema. Akasema tu, "Nimekusikia, mzee mwenzangu. Nitaongea na Zuhura."

Baba akajibu hakuna cha kuongea. Mimi nilitazama unga unavyotoka. Mwoga mkubwa.

Jumatatu, 8 Septemba

Mama amerudi na habari kutoka kwenye kikundi chao cha akina mama. Wazazi watatu hawataki tena Mwalimu awajazie watoto maombi ya vyuo. Watawapeleka mjini, Utemini, wakajaziwe kwenye duka la kompyuta. Mwalimu alikuwa akiwajazia bure.

Baba atakwenda Dodoma keshokutwa kulalamika kwa wanaosimamia maombi ya vyuo. Ameomba barua ya mwenyekiti wa kijiji. Ameipata.

Sikuweza kula. Mama alidhani nina homa, akanichemshia maji ya tangawizi. Nikayanywa. Hata hayo niliyaona siyastahili.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda kwa Mwalimu. Alikuwa anafunga ua wa mbuzi. Nikaomba msamaha nimesimama, maneno yakigongana. Hakuacha kufunga.

"Aibu yangu watu wataisahau," akasema. "Lakini baba yako akifika huko watafungua maombi yako, watamsomea ulichojaza. Unataka asikie kwa mtu asiyemjua?"

Nikasema hapana.

"Basi umebakiza leo."

Leo imekwisha. Nimemzunguka Baba jioni nzima, nimemletea maji, nimemletea kiti. Sikusema.

Jumatano, 10 Septemba

Nimesema.

Alikuwa amevaa koti lake la sherehe, barua mfukoni, kikombe cha chai mkononi. Nikapiga magoti.

"Baba, Mwalimu hakukosea. Nilijaza mwenyewe. Udaktari sikuutaka."

Akaweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Nilingojea kofi. Nililitaka hasa. Akasema, "Na mimi nimemwaibisha mtu mzima kwenye mashine."

Hakuuliza kwa nini siutaki. Akatoka na koti lake lile lile, kwa miguu, akashika njia ya kwa Mwalimu.

Jumapili, 14 Septemba

Baba hasemi nami. Akitaka kitu anamtuma Mama.

Leo tukichambua mboga Mama amesema, bila kuinua kichwa: "Yule mtoto alikuwa wangu. Mimi sikukuomba umlipe." Akaendelea na mboga. Nimelia mpaka nikatoka nje.

Mwalimu amenisamehe, kasema hivyo. Lakini wale wazazi hawajarudi. Baba alimwomba radhi faraghani, na aibu ilikuwa ya hadharani. Kwa hiyo kesho naanza kupita nyumba kwa nyumba. Naogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wowote.

Alhamisi, 18 Septemba

Nyumba ya tatu leo, ya mwisho na ya mbali, karibu na msitu. Ya kwanza walinisikiliza. Ya pili mama mwenye nyumba aliniambia nimelelewa vibaya. Nilikubali, ingawa si kweli. Nimelelewa vizuri, makosa ni yangu.

Hii ya tatu binti yao anaomba chuo cha kilimo. Nikasema nilichosema kwingine: nilidanganya, Mwalimu hana kosa. Baba yake alifikiri kidogo, akamwambia binti achukue vyeti vyake. Nikamsindikiza mpaka kwa Mwalimu. Mwalimu akatoa kiti, akafuta vumbi kwenye kompyuta. Sikuingia.

Nimefika nyumbani jua limezama. Baba alikuwa ameshakula, amekwenda kulala. Mama akanipa ugali na mlenda. Anasema Baba aliuliza mara mbili kama nimerudi.

Nimekula wote. Nimeosha sufuria.