Safiyya Alinitoa Hostelini Mbele ya Wenzake

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, Bi Nadia,

Naomba unisaidie, lakini kabla sijaomba niache kwanza nikwambie mwanangu ni nani, maana nikianza na shida utadhani nimezaa mtoto mbaya, na mimi sikuzaa mtoto mbaya, nimezaa Safiyya binti Athmani wa kisiwa cha Kudhaa, anasomea ukunga chuo kikuu hapo Kismayu, mwaka wa pili, na mtaani kwetu hakuna msichana aliyemtangulia kufika huko, na ukitaka uhakika shuka Kudhaa umuulize yeyote, atakuonyesha nyumba yetu kabla hujamaliza kuuliza. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, vita vikaanza, kwa hivyo mwandiko wangu uuvumilie.

Safiyya analala hosteli ya wasichana. Hiyo hosteli, Bi Nadia, naijua kuliko walioijenga. Chumba chao ni namba saba, dirisha linatazama tangi la maji, kabati lake la pili kutoka mlangoni, nimelipanga kwa mikono yangu. Wasichana ni arobaini na wawili, Wasomali wa koo mbalimbali, Mbajuni ni yeye peke yake, na wote wananiita hooyo, yaani mama, kwa sababu nikienda siendi mikono mitupu, nakwenda na papa mkavu na mkate wa mofa, na wenyewe wanasema tangu wazaliwe hawajala kitu kama hicho, na ni kweli hawajala.

Mwaka jana palikuwa na ugomvi wa maji. Tangi likijazwa, wa ukoo huu wanawawekea nafasi watu wao, wa ukoo ule wanawawekea wao, asiye na mtu anabaki na dumu tupu, na mwanangu ndiye alikuwa asiye na mtu. Hakulia, wala hakunipigia simu. Alichukua daftari akaandika zamu kwa namba za vyumba, si kwa majina, chumba chake akakiweka cha mwisho, akasimama kwenye bomba wiki nzima na daftari lake mpaka wakazoea. Uchaguzi ulipofika wakampa kura thelathini na moja awe mkuu wa hosteli. Mbajuni! Sisi tulioitwa watu wa samaki, sisi ambao kila mwenye bunduki aliyepita alitutoa majumbani mwetu, leo binti yetu anashika funguo za hosteli nzima, na wanamwita amiri. Nilimuuliza Ibtisam, mwenzake wa chumbani, imekuwaje, akanijibu, “Hooyo, tulimchagua kwa sababu hana wa kumpendelea.” Nikacheka, nikamwongeza samaki.

Sasa shida yangu. Mimi siwezi kulala mbali na Safiyya. Mara ya kwanza tulipokimbia vita nilikuwa msichana, tulipitia Ras Kamboni mpaka tukaingia Kenya, lakini mara ya pili, vita viliporudi Kudhaa, Safiyya alikuwa na miaka kumi na saba, amenipita urefu, na nilimfunga leso mkononi ncha moja na nyingine nikajifunga mimi, watu wakatucheka hapo hapo katika kukimbia, sikuwajali, na tukalala hivyo hivyo Kismayu miezi minane katika chumba cha watu kumi na wawili. Sasa tumerudi kisiwani, yeye yuko hosteli, na mkono wangu bado haujazoea. Kwa hivyo kila nikienda mjini, badala ya kulala Majengo kwa ndugu yangu Mwanahija, ambaye kitanda changu amekitandika siku zote, nilikuwa nalala na mwanangu kitanda cha chini, na hakuna aliyesema neno.

Alipopata ukuu akaleta sheria. Wageni watoke saa kumi na mbili jioni, na kila anayeingia, awe mwanafunzi au mgeni, aingie kijumba cha getini aonyeshe uso kwa Dahabo, mama wa Kisomali anayelinda hapo, kwa sababu Kismayu unaijua, mtu anaweza kuvaa chochote akabeba chochote. Sheria hiyo niliisifu kisiwa kizima. Sikudhani na mimi nimo.

Alhamisi ya wiki iliyopita nikaona Ibtisam amekwenda kwao, jilbabu na nikabu zake ziko kwenye kamba, kadi yake ya hosteli iko mezani. Nikavitia mkobani, nikatoka kama mgeni, nikasaini daftari, nikazunguka ukuta, nikavaa, nikarudi kama Ibtisam, na kitabu chake cha uhasibu kwapani. Dahabo akataka aniingize kijumbani, nikamwambia kwa Kisomali, “Dada, tumbo linanikata, nipishe nisije nikaaibika hapa,” naye, masikini, akanipisha. Bi Nadia, mimi nimevuka mpaka risasi zinalia, geti la hosteli litanishinda?

Sikujua kwamba siku hizi saa kumi na mbili wanaitwa majina uani. Safiyya amesimama na orodha yake, amenyooka kama mlingoti, nami nyuma kabisa namtazama kwa fahari.

“Ibtisam wa namba saba?”

“Nipo!”

Nimezaa watoto watano, na hakuna hata mmoja asiyeijua sauti yangu. Alishusha kalamu. Akapita katikati ya wenzake mpaka mbele yangu.

“Dada, funua uso.”

“Nina mafua.”

“Funua uso, dada, ama namwita askari.”

Nikafunua. Yallah, zile kelele! “Hooyo! Ni hooyo!” Mmoja akasema, “Safiyya, mwache alale, huyu ni mama yetu sote.” Lakini mwingine akapaza sauti kutoka nyuma, “Wiki ile dada yangu alitolewa, na alikuwa mgonjwa. Au mama wa amiri ana sheria yake?”

Safiyya akaniambia, “Mama, chukua mkoba wako, nakusindikiza.”

“Wanitoa mimi? Mimi niliyekuzaa?”

“Namtoa mgeni. Mama yangu nitampigia simu akifika kwa khala Mwanahija.”

Alinipeleka mpaka getini, ameshaniitia bajaji ya mtu tunayemjua, na mimi kwa hasira nikaapa mbele ya wote, “Wallahi, mguu wangu hautakanyaga tena hosteli hii!” Akapiga simu kama alivyosema. Sikuipokea. Siku ya tisa leo sijaipokea. Nasikia Dahabo naye amesimamishwa kazi siku tatu, lakini hilo litapita.

Na hasira zangu zote, nikwambie kweli, njiani kwenye bajaji nilimwambia dereva, “Umemwona yule aliyenitoa? Yule ni wangu.”

Sasa imekuja barua, ina muhuri wa chuo, siku ya wazazi ni mwisho wa mwezi, uani hapo hapo hosteli, Safiyya ndiye atakayesimama kuhutubia wazazi na walimu na wakubwa wa mji kwa niaba ya wasichana wote, na kiti cha mbele kimeandikwa jina langu. Mume wangu Athmani anasema kwa Kibajuni chake, “Hakuna mchu aliyekulazimisha kuapa. Mimi nakwenda, wewe baki na kiapo chako.” Nami nimeshawaambia wanawake wa Kudhaa wote kwamba nitakuwepo. Naogopa kumkosea Mungu, naogopa kukosa siku ile, na tena naona kama mtoto ndiye wa kuja kuniomba radhi kwanza. Nifanye nini?

Mama Safiyya,
Kudhaa

*

Mama Safiyya,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimekunja uso. Hongera kwa binti. Umesema kweli, hukuzaa mtoto mbaya. Ila hapa aliyefanya utoto si yeye.

Ibtisam alikuambia jambo zito, wewe ukalijibu kwa kipande cha samaki. Wale wasichana walimpa mwanao kura kwa sababu hakuwa na mtu wake mle ndani. Wewe ndiye mtu wake wa kwanza. Siku uliyoitika “Nipo!” ndiyo siku walipongoja kuona kama daftari lake ni la kweli au ni la maji tu. Angekuacha ulale, asubuhi yake kila mmoja angemwingiza dada yake, shangazi yake, na mwishowe mtu ambaye hakuna anayemjua. Mwanao alilijua hilo kwa dakika moja, amesimama mbele ya mama yake mzazi. Unataka akuombe radhi kwa lipi?

Na usiniambie habari za mpaka na risasi. Ulipovuka mpaka ulikuwa unakimbia hatari. Getini uliionyesha hatari njia. Umewafundisha watu wa Kismayu kwamba kwa nikabu ya kuazima na maumivu ya tumbo mtu hupita mpaka kwenye vitanda vya mabinti arobaini. Ulifikiri juu ya hilo ukiwa na kile kitabu kwapani? Hukufikiri. Ulikuwa unamtamani mwanao, na hilo nalielewa sana, maana mama aliyelala miezi minane na leso mkononi hawezi kuambiwa azoee, akazoea. Lakini kwa miaka yote hiyo ulimfunga kwako ili asipotee, na hakupotea. Kazi hiyo umeimaliza, na umeimaliza vizuri. Sasa kuna mama arobaini na mmoja ambao usingizi wao uko mikononi mwa Safiyya. Mwache afanye kazi.

Jambo la Dahabo ulilitupia mwishoni mwa aya kama kokwa ya tende. Mwanamke amekuhurumia, na huruma yake imemsimamisha kazi, nawe unaniandikia “litapita”. Kabla hujafikiri siku ya wazazi, kabla hujafikiri kiapo, mpigie Dahabo. Mwombe radhi kwa Kisomali kile kile ulichomdanganyia, kisha uandike barua kwa msimamizi wa hosteli useme kosa lilikuwa lako. Ibtisam naye ana haki yake, kadi yake na jina lake uliyachukua bila ruhusa.

Kiapo kina kafara, na maalim wenu wa Kudhaa atakueleza vizuri kuliko mimi: kulisha masikini kumi, au kuwavika, na asiyeweza ndipo hufunga siku tatu. Wewe unayejisifu mapishi hivyo huwezi kusema huwezi. Na wale wasichana wa hosteli usiwahesabu miongoni mwa masikini, nakujua. Tafuta wenye njaa hasa.

Halafu leo hii, ukishaisikia barua yako redioni, chukua simu umpigie Safiyya. Usianze na “mimi niliyekuzaa”. Mwambie, “Ulifanya haki, mwanangu, na mimi nilikosea.” Maneno hayo ni machache, yatakukwama kooni, yatoe hivyo hivyo. Siku tisa mtoto anapiga simu haipokelewi, na huku anaandaa hotuba mbele ya mji mzima. Unadhani anaiandaa kwa raha?

Mwisho wa mwezi nenda na Athmani. Malazi yako yawe kwa Mwanahija tangu siku ya kwanza. Siku yenyewe fika mapema, panga foleni na akina mama wengine, usimpite hata mmoja kwa kuwa wewe ni nani. Ukifika kijumbani kwa Dahabo funua uso, na akikuuliza jina taja lako mwenyewe. Kisha ngoja, hata kama hotuba imeshaanza na unaisikia sauti yake kwenye kipaza sauti, ngoja mpaka Dahabo akwambie, “Hooyo, pita.”

Bi Nadia