Pono Wako Walikuwa Mchangani

Baba yangu,

Lile sanduku la kioo ulilopewa na Mzungu uliyemfanyia kazi alipofunga nyumba kurudi kwao bado liko barazani, hapa Kinondoni. Mama anawekea vitunguu siku hizi. Mimi napita mbali nalo.

Unakumbuka tulivyochekwa? Mtaa mzima unakula samaki, wewe unawafuga. Pono watatu, wadogo kama kidole, wa kijani wenye mistari myekundu, na kila siku ya pili tunapanda baiskeli mpaka Msasani kuteka maji ya bahari, madebe mawili. Mama akasema, "Mie nimeolewa uke wenza na samaki." Ulicheka mpaka ukakohoa.

Siku uliyopelekwa hospitali uliniusia, "Maji yabadilishe. Mchanga usiuguse. Wakiogopa hujifukia humo hata siku kadhaa. Hawajafa hao."

Nilisikia, baba. Lakini siku ya nne sikuona hata mmoja, na maji yakaanza kunuka. Nikajifanya fundi. Nikaumwaga mchanga wote uani, juani, nikaingia ndani kunywa chai. Niliporudi, mchanga ulikuwa unatikisika. Nikawafukua kwa mikono miwili, na kwa kiherehere changu nikawatia kwenye ndoo ya maji ya kisima, mimi niliyebeba maji ya chumvi mwaka mzima. Hawakuchukua muda.

Alasiri nikaja kukuona.

"Pono wangu hawajambo?"

"Hawajambo, baba. Wamelala."

"Waache walale," ukasema, ukanishika mkono.

Nilisema moyoni nitakwambia kesho. Kesho yake ulikuwa na wageni, nikafurahi kupata kisingizio. Siku iliyofuata hukuwapo wa kuambiwa.

Wewe ulikwenda ukijua wanakungoja nyumbani, na hilo linanitafuna. Ila kuna jingine ambalo sijamwambia mtu. Makaburini nilitupa konzi tatu za mchanga kama wenzangu. Talkini ikasomwa, watu wakaanza kuondoka, mimi nikabaki nimeinama. Ami, ndugu yako, alinivuta kanzu.

"Twende, mwanangu. Unatafuta nini hapo?"

Nilikuwa nautazama mchanga wako, nione kama utatikisika. Na hata sasa, kila Ijumaa ninapokuja kukuombea dua, nautazama kwanza.

Niwie radhi, baba.

Ni mimi mwanao,
uliyeniachia samaki.