Namba Zenye Ulituficha, Yaya

Yaya Riziki, dada mukubwa wa moyo wangu,

Ninajua kama ungekuwa mbele yangu, ungeniuliza neno moja kabla hata sijaketi: munacheza bado? Ndiyo, Yaya, tunacheza. Kila Jumamosi baada ya saa nane, kwenye baraza ya kwenu hapa Katoyi, juu ya mukeka ule ule, na mimi njo ninaketi nyuma ya kartoni ile ya kuficha namba, nafasi yako. Ilinichukua miezi saba kufika pale. Ninakuandikia ili ujue vile ilipita, na ili nikuambie aksanti, kwa sababu kuna mambo nilikuja kujua wakati ulikuwa umeisha kwenda.

Nianze na kilio chako, siku tulikuzika, maana ungecheka. Sisi watatu, mimi na Jozue na Papa Bahati, tuliketi pamoja pembeni ya hema, na watu wa jamaa yako walikuwa wanatuangalia. Musichana mushonaji, motari wa pikipiki mwenye jaketi ya njano, na muzee wa Masisi mwenye fimbo. Hakuna mwenye alielewa tunahusiana namna gani. Shangazi yako wa Rutshuru akatusogelea kwa heshima, akauliza: "Ninyi ni wa kanisa gani?" Jozue, macho yamevimba, akajibu: "Mama, sisi tuko watu wa Luvangira." Shangazi akatingisha kichwa kwa huruma, akauliza kama ni mbali na Walikale.

Nilitaka kumuambia kama ni karibu sana. Kama ni inchi yenye uliitunga wewe mwenyewe kitandani, tangu una miaka kumi na moja, kila mara SS, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, ulipokushika mifupa na kukulaza hospitali. Wengine walichora maua, wewe ulichora mipaka. Milima yenye kutema chumvi, muto wa vumbi, miji yenye kuhama musimu wa mvua. Miaka ikapita, ukasoma kwenye telefone kama kuna watu duniani wanaketi pamoja na kucheza hadithi kwa mudomo tu, ukasema: basi, inchi ninayo, ninakosa watu.

Mutu wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikuja kukupima robe, gauni ya kufundishia, ulikuwa mwalimu wa hesabu wakati ule, na ulikuwa umelala na maji ya moto kwenye magoti. Nilikuwa na santimeta ya kupimia shingoni. Ukaniangalia ukasema: "Wewe ni mwizi wa chumvi. Umefika ku mulango wa muji. Askari anakuuliza umebeba nini. Unajibu nini?" Niligeuka nyuma kuona unasema na nani. Kisha, sijui kwa nini, nikajibu: "Nimebeba sindano tu, mukubwa." Ulicheka mpaka maji yakamwagika. Ukaingiza mukono chini ya mito, ukatoa vifuniko vya chupa za fanta, ishirini, kila kimoja kimeandikwa namba kwa vernis, rangi ya kucha. Ukaniambia nivute kimoja bila kuangalia. Nikivuta namba kubwa, askari ataniamini. Ndogo, atanifunga. Nilivuta kumi na sita. Nikaingia mujini, nikaitwa Kasole, na robe yako ilichelewa wiki mbili.

Kisha akaja Jozue, mwenye alikuwa anakubeba na pikipiki yake kwenda hospitali, akajipa jina Kapteni Toneri na kukataa kushuka farasi hata ndani ya nyumba. Na kisha Papa Bahati. Yeye alikuwa amekimbia vita ya Masisi bila hata ng'ombe moja, anakaa kambi ya wakimbizi ya Mugunga, anapita mulango kwa mulango kutafuta kazi ya kuvunja mawe. Hukuwa na mawe ya kuvunja. Ulimuuliza: "Papa, ng'ombe mia wakifika ku muto wenye kujaa, nani anaingia wa kwanza?" Akaketi. Akaeleza saa nzima. Jumamosi yenye kufuata akarudi, amevaa shati ya kwenda misa, akawa Shamavu, muchungaji wa ng'ombe zenye pembe za mwangaza.

Unakumbuka pasta? Majirani walisema kwako kunaitwa mashetani kwa majina. Akaja na Biblia yake kwapani, amekaza uso. Wewe hukujitetea. Ulimupa kiti, ukamupa mufuko wa vifuniko, ukamuambia: "Pasta, mama moja amefungwa juu ya mwamba, maji yanapanda. Kamba iko mikononi yako. Vuta." Alifikiri kidogo, akasema ni kwa ajili ya mama tu. Akavuta ishirini. Yaya, ile sauti ya furaha ilisikika mpaka barabarani! Alipoondoka alituombea, na akauliza, polepole, kama yule mama alifika kwake salama.

Hayo yote niliyajua. Sasa ngoja nikuambie yenye sikujua.

Ulipokufa nilikataa kucheza. Jozue alinipigia kila Ijumaa, ninamuambia niko na kazi. Siku za mabomu, vita ilipofika mujini, zilikuwa zimetupita tukiwa hai, wewe pia, na nilikuwa nimeanza kufikiri tumepona. Halafu mifupa yako mwenyewe ikafanya yenye mabomu hayakufanya. Damu ilipatikana, waganga wa hospitali walihangaika, tulikesha, na haikutosha. Nilikuwa na hasira. Nilipita mbele ya kwenu bila kugeuza kichwa.

Mama yako njo alinikamata. Alikuja atelier, pale ninashona, akaweka juu ya mashine yangu mufuko mweupe wa unga, ndani kaye kumi na ine, madaftari yako. Akasema: "Mimi sisomi maandiko yake, ni kama nyayo za kuku. Lakini mutoto wa jirani alinisomea ukurasa wa kwanza, na jina lako, Zawadi, linarudi sana."

Nilifungua nikifikiri nitakuta ramani na majina ya wafalme. Nilikuta pia hesabu yako. Wewe, mwalimu wa hesabu! Kila Jumamosi uliandika namba zenye ulivuta nyuma ya kartoni, kwa ajili ya madubwana na maadui kama Wala-majina, wale wenye kula majina ya watu, zenye sisi hatukuziona. Na pembeni, namba zenye ulitutangazia. Hazikufanana. Si mara zote. Mara moja moja, na kila mara uliandika sababu.

"Dubwana limevuta kumi na tisa. Nimesema ine. Jozue ameanguka na pikipiki juzi, anachekesha watu lakini leo amekuja kwa miguu."

"Mwamba ulipaswa kumuponda Shamavu. Nimesema umekosa. Wamechoma hema za majirani wake kule kambini, hajalala."

"Leo mifupa inanila. Nimefunga macho, nimewaambia ninapanga hila za adui. Wameniamini."

Yaya, tulikuamini kabisa! Jozue alikuwa ananinong'onea: angalia, anapanga, leo tutakufa.

Halafu nikafika kaye ya tisa. "Zawadi alipaswa kufa ku muto wa vumbi. Wala-majina wamevuta ishirini. Nimesema mbili. Mimba imetoka wiki hii, hajaambia mutu. Ameshona shati ya kitoto na kuificha, niliiona ndani ya mufuko wake. Asife leo, hata kwa muchezo."

Niliweka kichwa juu ya mashine, nikalia mbele ya mama yako, ikabidi nimueleze. Hakuna mwenye alikuwa amejua. Nilikumbuka ile Jumamosi. Nilikuja kwa sababu nilishindwa kubaki peke yangu ndani ya nyumba. Kasole aliruka ule muto, na kule ngambo ukamukutisha na mama wa kuuza maziwa mwenye hakumuuliza swali hata moja, akamupa kiti tu. Nilifikiri nilikuwa na chansi. Miaka mitatu nilikuwa ninajiambia: siku mbaya kuliko zote, angalau vifuniko vilinihurumia. Kumbe ni wewe.

Ungeweza kuniita pembeni na kunipa pole, na ningekimbia. Uliniachia mulango, ukajifanya hujaufungua. Aksanti, Yaya. Sijui kusema vizuri zaidi.

Jumamosi yenye kufuata niliwaita Jozue na Papa Bahati. Mara ya kwanza niliharibu. Niliiga sauti yako, nilisoma kaye yako kama somo la misa, mpaka Jozue akasema: "Zawadi, acha kufanya Riziki. Riziki tulimuzika. Fanya weye." Iliniuma, na ilikuwa kweli. Niliweka kaye chini. Niliwaambia mulango wa muji kwa namna ningeushona mimi, na ikaenda.

Lakini yenye ninataka kukuambia hasa ni ya Papa Bahati. Kambi zilivunjwa, sasa anapanga chumba kule Lac Vert, anakuja kwa miguu. Jumamosi iliyopita, Wala-majina walitufukuza mpaka ku daraja la kamba. Shamavu akasema atabaki nyuma na fimbo yake, ili ng'ombe na sisi wengine tuvuke. Nikavuta nyuma ya kartoni, kwa ajili ya Wala-majina. Kumi na tisa. Yaya, kumi na tisa inaua.

Nilijua yenye ungefanya. Muzee wa miaka karibu sabini, mwenye alipoteza kila kitu, nani angemuua? Nikafungua mudomo kusema tatu. Yeye alikuwa ananiangalia. Akasema:

"Mama Zawadi, usinihurumie."

Nikamuambia sijasema kitu.

"Uso wako umesema. Sikia. Kule Masisi walichukua ng'ombe zangu, mimi niko nimejificha ndani ya mihogo. Sikusimama. Ningesimama ningekufa, watoto wangebaki na nani? Lakini sikusimama, na kila siku ninaiona. Hapa nimesimama. Kama ni kufa, acha nife nimesimama. Sema namba ya kweli."

Jozue aliangalia chini. Kweli, ilikuwa kama ni mutu wa nyama ninamuhukumu. Nikalaza kartoni, nikageuza kifuniko wote wakione.

Papa Bahati akakiangalia sana. Kisha akauliza: "Ng'ombe zimevuka?"

"Zimevuka zote, Papa."

"Zihesabu."

Sikujua nihesabu namna gani. Yeye mwenyewe akaanza: "Gaju amevuka. Bihogo amevuka. Sine na mutoto wake wamevuka." Akaendelea, kumi na saba, mumoja mumoja, na sauti yake haikukatika, na pale nikaelewa kama hayo hayakuwa majina ya muchezo, yalitoka Masisi. Alipomaliza akajipangusa uso na kofia. Jozue, Kapteni Toneri mwenyewe, alishuka farasi kwa mara ya kwanza tangu tumujue, akasema anapiga magoti ku daraja. Mama yako alikuwa mulangoni na sahani ya viazi, naye akasimama tu.

Halafu Papa Bahati akacheka! Akasema: "Vizuri. Wiki inayokuja ninarudi mwanamuke mufanyabiashara, mudomo mukubwa, hana hata mbuzi moja. Nimechoka kuchunga." Akala viazi vya watu watatu, akaenda zake Lac Vert anaimba.

Nimeandika ndani ya kaye mupya: "Kumi na tisa. Nimesema kumi na tisa. Aliniomba." Nilifikiri sana kama ungenikasirikia. Sizani. Wewe ulitudanganya kwa sababu ulituangalia vizuri, mumoja mumoja, na ni kuangalia huko njo nilijifunza kwako. Ulipokuwa unaniona mimi, ulikuta mutu mwenye hangevumilia kuanguka tena. Nilipomuona yeye, nilikuta mutu mwenye alihitaji kusimama. Bado ninakosea. Wiki mbili zilizopita nilimuokoa Jozue bure, hakuwa hata na mafua.

Sasa nimalize, taa ya mashine inawaka na kuna robe za ubatizo zinaningojea. Lala vizuri, Yaya. Kama kule kuna mahali pa kutembea, tembea sana, juu ya magoti yenye hayaumi.

Limebakia neno moja. Jana mama yako alinifuata mpaka barabarani. Hajawahi kuketi ku mukeka na sisi, unajua, alikuwa anasema muchezo ni wa watu wenye wamesoma. Akaniuliza kama mutu mwenye hajui kuandika anaweza kuingia Luvangira. Nikamuambia inatosha kusema. Akauliza tena: "Kule ndani, mutoto wangu alipenda kwenda wapi?"

Nilimuambia juu ya soko la Misheke, lenye kuwa juu ya kilima, mahali upepo unakausha nguo kabla hujamaliza kuzitundika. Kila mara tulipokaribia pale ulichelewesha hadithi, vita vinatungojea na wewe bado unatueleza harufu ya mikate.

Amesema anataka kuanzia pale. Ninakuahidi, Yaya: Jumamosi ninamupeleka, na sitamuharakisha.

Zawadi wako