Trekta Kwako, Mashine Kwangu

Keweenaw, 28 Novemba

Kwa dada Helmi,

Salamu. Mimi mzima, natumaini wewe na mama hamjambo. Theluji imefika magotini. Trekta dogo la baba liko kwangu na minyororo nimeshaifunga magurudumuni, ila mashine yake ya kurusha theluji bado iko bandani kwako tangu tulipoifungua baada ya msiba wa baba msimu uliopita. Niachie mlango wazi niichukue nikitoka zamu ya usiku. Trekta bila mashine hiyo ni kiti tu.

Mdogo wako,
Urho

3 Desemba

Mdogo wangu Urho,

Barua imefika. Madirisha yetu yanatazamana, katikati ni barabara tu, nawe unabandika stempu ili maneno yako yaende mjini na kurudi! Hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, maana nachimba njia kwa koleo ili mama afike kliniki.

Mlango wa banda haufunguki. Siku ya mazishi, ukinywa kahawa ya mama na kula mkate wa iliki aliouoka kwa mikono yake, ulisema mbele za watu kwamba yeye ndiye aliyemuua baba, kwa kumwacha atoke kwenye baridi na moyo mbovu. Leo unataka mashine. Kweli wewe mkavu wa macho. Kamwombe radhi kwanza.

Dada yako,
Helmi

9 Desemba

Dada,

Salamu tena. Nilisema nilichokijua. Daktari alikwisha kumkataza mzee, na mama alikuwa dirishani akimtazama anavyohangaika na trekta. Nani asiyeona? Radhi sina ya kuomba.

Greda linalosukuma theluji barabarani limeniachia ukuta wa barafu mdomoni mwa njia, gari limekwama ndani na kazini wameanza kunisema. Usiponipa mashine nitakuja na nyundo.

Urho

15 Desemba

Urho,

Sisi wazima. Njoo na nyundo, nitakuchorea mahali pa kupiga.

Umeuliza nani asiyeona. Ni wewe. Asubuhi ile ulitoka zamu, ukaingiza gari moja kwa moja mpaka barazani, ukaenda kulala. Hukujiuliza ukuta wa barafu siku hiyo ulikwenda wapi? Tangu uanze kazi ya usiku, baba alikuwa akianza na njia yako, ndipo aje kwenye yetu. Mama alisimama mlangoni akamwambia, "Eino, mwache achimbe mwenyewe, mikono anayo." Baba akajibu kwamba utarudi umechoka. Akamaliza kwako, akavuka barabara, akaanguka kwetu.

Mama alinikataza nisikwambie, usije ukaubeba mzigo huo maisha yako yote. Leo nimemwasi, kwa sababu mzigo anaoubeba yeye ni wewe uliyembebesha, tena bure.

Helmi

2 Januari

Dada yangu,

Hamjambo? Mimi siwezi kusema sijambo. Krismasi nimeipitisha na barua yako mezani. Nilidhani greda lilipita mbali siku ile. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Neno langu kwa mama silibandiki stempu. Jumamosi nikitoka zamu nitavuka.

Mdogo wako,
Urho

Jumamosi jioni

Mdogo wangu,

Hujambo? Najua umelala, nami nina hasira bado, kwa hiyo naandika.

Ulichomwambia mama jikoni sikukisikia wala sitaki kukijua. Nilichoona ni wewe chali kwenye barafu chini ya trekta, mbele ya banda nililokufungulia, ukitukana ile mashine isiyokubali kufungwa na mtu mmoja, na mama akitoka na koti la baba kuja kukushikia pini ya kuifungia. Ndivyo alivyomshikia baba kila mwaka. Hilo nalo hukulijua.

Ulipovuka kusafisha kwako, mama alibaki dirishani. Nikamwambia supu inapoa, aje ale. Akasema, "Ngoja azime mashine. Baba yake nilimpa mgongo kidogo tu, nikimmiminia kahawa."

Hakukaa mpaka ulipozima.

Theluji ikianguka tena, kabla hujawasha geuza bomba la kurushia lielekee shambani. Leo umelifukia sanduku langu la barua lote, halionekani hata kibendera chake cha kumwonyesha tarishi kwamba kuna barua. Sitalifukua. Ukiwa na neno, vuka barabara.

Dada yako,
Helmi