Kwa Shemeji, Uliyeitibu Lusini ya Daktari

Shemeji Kioko,

Mimi kaka wa mkeo, niliyeishia darasa la tano, nimetengeneza lusini, majani ya ng'ombe, isiyougua ukungu. Wanasayansi wa Riyadh wananipigia saluti.

Haya, nimedanganya. Wanaonizunguka ni inzi. Kazi yangu bado ni mpira wa maji na reki, na Daktari wa mimea bado ananiita "mzee", neno pekee la kwetu analolijua, kwa sauti ya kumfukuza mbuzi. Lakini nimeiona lusini hiyo ikisimama, Shemeji, kwa macho haya.

Unakumbuka kafili, huyu bosi wetu, alipotutoa Jeddah, kwenye kile chumba cha Al-Mahjar, akatuleta huku? Ulifurahi. "Nimechoka kumpeleka madam wa Al-Rawdah madukani. Wacha nikalishe ng'ombe." Kumbe ng'ombe mafi, hakuna hata mmoja! Ni nyumba ya nailoni, miche ya lusini imepangwa kwenye trei kama watoto wa shule, na Daktari anaimwagia maji ya ukungu makusudi. Ulishika kichwa. "Shemeji, huyu mtu anaua malisho! Kwetu Kitui ng'ombe wanatafuna makaratasi, yeye anaua malisho!" Nikakueleza nilivyoelewa mimi: itakayokufa ife, itakayobaki ndiyo ya kutoa mbegu. Ukaniambia nina roho ya fisi.

Alhamisi ile ukachukua dawa ya ukungu wa nyanya stoo, ukainyunyizia yote, kwa huruma zako. Miche ikanawiri! Daktari alicheka mpaka machozi, akaagiza tende. Ungenyamaza tu, tungesifiwa wote. Lakini ulimsikia akimtajia bosi wafugaji watakaopewa mbegu, ukaiweka tende yako chini. "Daktari, niliitibu mimi." Nikakukanyaga mguu. Ukarudia, tena kwa sauti zaidi, mpumbavu wewe. Bosi alisema halas, yamekwisha, na wiki hiyo hiyo ukapandishwa ndege.

Dada yangu ananiambia tangu ufike hushiki simu ya mtu wa huku. Eti uliharibu jasho la watu.

Basi sikiliza. Daktari hakuitupa ile miche. Aliikata, ikachipua, akangoja dawa yako iishe nguvu, akaimwagia ukungu tena. Mara mbili. Nikaona majani yakigeuka kijivu, yakidondoka, trei baada ya trei, nikasema kwisha. Jana asubuhi nimefunua nailoni: miche saba, kijani kibichi, imesimama katikati ya maiti za wenzake. Hakuna aliyeitibu. Nilinusa majani yake kama mwehu. Nikavua kofia, mimi ambaye hata kanisani huivua nikifinywa. Kitu chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, Shemeji, na kifo kimepita juu yake mara mbili!

Daktari alipiga magoti kwenye matope na kanzu yake nyeupe. Halafu akauliza kwa Kiarabu chake, "Mzee, yule mwenzako yuko wapi? Angenyamaza, ningewapa watu mbegu ya uongo."

Nikamwambia nitakutafuta mwenyewe.

Sasa, pale Al-Mahjar nilikubebea godoro ghorofa nne kwa sababu kiuno chako kilikuwa cha bibi harusi. Hujanilipa. Ijumaa saa nane mchana nitapiga simu. Ishike.

Kaka wa mkeo